Mstari wa Kumi

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, jua limeshapanda juu ya mawe ya Mkuyuni, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nje ya chumba chetu cha kupanga, kadi ya salamu gotini, kalamu mdomoni. Nilikuwa na majina tisa. Kadi ilikuwa na mistari kumi. Nikauangalia ule mstari mtupu, nikaona vibaya kuuacha hivyo hivyo, kama mtu aliyealikwa kula akabakiza nusu sahani.

Nikaujaza. Ndilo kosa lenyewe. Yaliyobaki nitakueleza polepole, kwa sababu nikienda haraka nitaanza kujitetea.

Juzi uliniuliza, "Baba, mbona wewe huweki kitu mtandaoni? Kila Jumapili unaandika kwenye daftari, halafu kwenye simu hata picha ya kikombe cha chai huweki." Ukacheka, nami nikacheka, nikakujibu kwamba macho yananisumbua. Macho hayanisumbui. Nilikudanganya, na uongo huo umenikaa mpaka leo, ndiyo maana nakuandikia. Mimi ni fundi cherehani niliyeishia darasa la saba, kwa hiyo ukikuta mahali maneno yamekwenda upande, yavumilie.

Usidhani nakusema wewe. Picha zako za wikiendi nazipenda. Nilifurahi kuwaona mmepanda kule kwenye mawe na wenzako, na ile siku ulipokaanga sato akaungua upande mmoja ukamweka hivyo hivyo, nilimwonesha hata mteja. Sisi nasi tulikuwa na mambo yetu ya wikiendi. Ila ya kwetu yalipitia redioni.

Wakati ule simu ya mkononi ilikuwa ya mtu mwenye gari. Kijana wa kawaida akitaka watu wajue kwamba yupo, ananunua kadi ya salamu. Ni kadi ngumu kidogo, imechapwa mistari. Unaandika jina lako, mahali ulipo, majina ya unaowasalimia, na maneno machache. Redio moja ya hapa mjini ilikuwa na sanduku mlangoni. Unatumbukiza kadi Jumamosi, Jumapili mchana baada ya ibada mtangazaji anazisoma. Sisi wapenzi wa salamu tulikuwa na majina yetu. Mimi nilijiita Masalu Mtoto wa Mawe. Nakuomba usicheke sana.

Ulikuwa mchezo wangu. Wengine walikuwa na mpira, wengine drafti, mimi nilikuwa na kadi. Sikuacha wiki hata moja. Nikinunua shati, lilikwenda redioni. Nikipona malaria, redioni. Nilifika mahali mtu ananipita pale kibandani nilipokuwa najifunza ushonaji anasema, "Mtoto wa Mawe, jana nimekusikia," na mimi siku nzima nakanyaga cherehani kama naendesha gari.

Chumba nilipanga na rafiki yangu Deusi, kijana wa Ukerewe. Alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, na Jumamosi na Jumapili alipiga gitaa la besi kwenye kwaya. Jumamosi zetu zilifanana zote. Asubuhi tunafua ziwani, tunaanika nguo kwenye mawe. Betri za redio nazo tunazianika juani pembeni ya nguo, zipate nguvu ya kutufikisha kesho yake. Kisha yeye anachukua gitaa, mimi nachukua kadi.

Mstari wa kwanza wa kila kadi niliuandika bila kufikiri: Mama Deusi, Ukerewe. Yule mama alikuwa mjane, Deusi ndiye mtoto wake wa pekee aliyekuwa hai, na kijijini kwao ilikuwepo redio kwa shemeji yake. Mwanzo nilimsalimia kwa kumfurahisha Deusi. Baadaye Deusi aliporudi kutoka likizo akaniambia, "Wewe Masalu umeniharibia mama. Jumapili haendi popote mpaka asikie jina lake. Watu wanamwita Mama Redio." Tulicheka mpaka tukashika matumbo. Likumbuke hilo, kwamba ni mimi niliyemzoesha yule mama kukaa mbele ya redio.

Sasa ile wiki. Jumatano Deusi aliingia kazini zamu ya usiku, na mashine ya kukatia vichwa vya samaki ikamchukua vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha mwisho na kile kinachokifuata. Mwenyewe alisema aligeuka kumjibu mtu. Hakumlaumu yeyote, nami sina haki ya kulaumu kwa niaba yake. Ijumaa aliruhusiwa kutoka hospitali, mkono umefungwa bandeji kama mpira wa makaratasi. Alikaa kitandani akaliangalia gitaa lililotundikwa ukutani, hakuligusa.

Kisha akasema, "Mama nitamwambia mwenyewe. Jumamosi ya wiki ijayo nikishatolewa nyuzi nitapanda meli. Nataka auone mkono umeshapona, nami niko mbele yake nimekaa, ninakula chakula chake. Akisikia na mimi sipo, atakufa huyu."

Nikamjibu, "Ni kweli kabisa."

Hapa nataka kuwa mkweli mpaka mwisho. Deusi hakuniambia "usiseme." Alisema tu kwamba atamwambia mwenyewe. Kwa muda mrefu nilijificha nyuma ya tofauti hiyo. Nilikuwa najiambia, mbona hakunikataza? Lakini mtu mzima hahitaji kukatazwa jambo ambalo ameshaitikia kwamba ni kweli kabisa.

Kesho yake ndiyo ile Jumamosi ya ndoo na kadi. Majina tisa, mistari kumi. Nilichoandika kwenye ule wa kumi nakikumbuka kama kilivyo: "Na rafiki yangu Deusi wa Mkuyuni, pole kwa kuumia mkono kazini, Mungu atakuponya." Sikuwa na nia mbaya. Ila nia njema nayo sina hakika kama ilikuwa yote njema. Nilijua salamu ya pole mtangazaji huisoma taratibu, kwa sauti ya huruma, na mara nyingine huirudia. Wiki hiyo sikuwa na shati jipya. Nilikuwa na habari ya Deusi.

Jumapili saa nane mchana mtangazaji alisoma. Alisoma vizuri, hakukosea hata herufi. Akaanza na Mama Deusi wa Ukerewe, akashuka mstari kwa mstari, akamalizia na Deusi na mkono wake, akarudia. Betri zetu zilikuwa zimekufa, kwa hiyo mimi nilikuwa nimekaa kwa jirani, majirani wananitazama, nami nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Mpaka wakati huo, naapa, sikuwa nimeuweka mstari wa kwanza na wa kumi pamoja kichwani.

Wanakwaya ndio walioileta habari chumbani. Walikuja kumpa Deusi pole, wakasema, "Tumesikia redioni kwa Mtoto wa Mawe." Deusi aliwashukuru, akawasindikiza mpaka barabarani, akarudi. Akakaa. Nilingoja anitukane.

"Mama anasikiliza kile kipindi," alisema.

"Deusi, sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Amesikia nimeumia mkono. Hajasikia ni vidole. Unadhani sasa hivi anafikiri mkono umeishia wapi?"

Alfajiri ya Jumatatu akavaa koti, akaingiza ule mkono mfukoni, akaenda kupanda meli ya Nansio, bandari ya kwao Ukerewe, na bandeji yake mbichi.

Meli ya kutoka Nansio na ile ya kutoka hapa zilikuwa zinapishana katikati ya ziwa. Watu hupungiana mikono. Deusi aliniambia baadaye kwamba alikaa upande wa pili, hakuiona ile nyingine ikipita. Mama yake alikuwamo.

Saa sita nilikuwa kibandani, fundi wangu hayupo, nakunja pindo la suruali. Nikaona mama mmoja anakuja anauliza watu, wananinyooshea kidole. Kumbe aliposhuka bandarini alisema tu, "Nataka kwa Masalu wa redioni," akaelekezwa moja kwa moja. Alikuwa na kikapu, kuku jike ndani yake ametoa kichwa. Kwao huwezi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. Akauliza, "Mkono upi?"

"Wa kushoto, mama."

"Umetoka?"

"Haujatoka. Ni vidole viwili tu. Deusi mwenyewe ameondoka alfajiri kukufuata."

Nadhani sentensi ya mwisho hakuisikia. Akasema, "Nioneshe." Sikuelewa. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akaufungua kama mtu anayefungua barua. "Nioneshe kwenye huu. Vipi?"

Nikakunja kidole cha mwisho na kile kinachokifuata. Akavishikilia hivyo hivyo vilivyokunjwa, akavitazama vile vitatu vilivyobaki, akavigusa kimoja kimoja. Mkono wake ulikuwa mkavu, una harufu ya dagaa. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja.

"Tangu jana nauona mkono umekatikia hapa," akasema, akajigusa begani. "Usiku kucha hapa."

Alilia kidogo, akajifuta kwa upindo wa khanga. Kisha akaniangalia kwa macho ya upendo, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani kuingia chini ya meza.

"Ahsante baba," akasema. "Mtoto wangu wa kumzaa ameninyima habari. Wewe mtu baki umeona huruma. Bila wewe ningeambiwa lini? Ningeambiwa na nani?"

Hapo ndipo ilitakiwa nimwambie. Mama, hakukunyima. Alikuwa anakuja Jumamosi. Alitaka kukuonesha mwenyewe. Mimi ndiye niliyekimbilia redioni. Maneno hayo yote yalikuwepo, yamejipanga. Ningeweza kukuambia kwamba mteja aliingia, au kwamba yeye aliendelea kuongea. Hapana. Alinyamaza, na hakuna mteja aliyeingia. Nilikuwa na muda wa kutosha kushona pindo zima.

Nikasema, "Karibu sana mama."

Jioni akampika yule kuku kwenye jiko letu la mkaa. Nilimwambia tumngoje Deusi, nadhani nilimwambia, ingawa sauti yangu haikuwa kubwa. Akasema Deusi atanunua wake. Firigisi, ambayo kwa haki ingekwenda kwa mwanawe, akaiweka kwenye sahani yangu, juu ya ugali, mahali pa kuonekana. Nikaila. Nilikula kuku wa mgonjwa, mgonjwa akiwa ng'ambo ya ziwa anabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Deusi alirudi Jumanne mchana, amechoka, bandeji imeingia vumbi. Alimkuta mama yake amekaa mlangoni anachambua mchele. Akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikamwona anaanza kuutoa mkono mfukoni, taratibu, kama alivyokuwa amepanga tangu Ijumaa.

"Usijisumbue," mama akasema bila kuinua macho kwenye ungo. "Mkono huo nimeshauona kwa mwenzio."

Deusi akabaki hivyo, mkono nusu nje nusu ndani. Akageuka akaniangalia. Hakunikasirikia. Aliniangalia kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Mimi nikaitazama sufuria. Sufuria haikuwa na kitu, ilishaoshwa.

Akaurudisha mkono mfukoni. "Sawa mama," akasema.

Hakunitaja. Siku ile wala baadaye. Angeweza kusema maneno matano tu nikaumbuka, na hakuyasema, nami nikajifanya naamini kwamba kanyamaza kwa sababu si jambo kubwa. Mwisho wa mwezi akahamia Igogo. Alisema ni karibu na kanisa. Si karibu sana na kanisa.

Kwenye daftari langu la wiki ile kuna mstari mmoja: "Mama Deusi amekuja, tumekula kuku." Nimeusoma tena leo asubuhi. Nimeandika mambo mengi ya kijinga kwenye madaftari, ila huo ndio pekee unaonifanya nifunge daftari haraka, hata nikiwa peke yangu.

Miezi ikapita. Niliendelea na kadi kwa muda, ila Mama Deusi nilimtoa kwenye mstari wa kwanza, nikasema moyoni nampa nafasi apumzike. Baadaye nikaacha kadi kabisa. Watu waliuliza, nikawajibu kazi zimezidi. Kumbe kule Ukerewe yule mama alikuwa anamsimulia kila mtu kwamba mwanawe wa mjini amekuwa msiri, kwamba rafiki ndiye anayemjali. Deusi akipeleka sukari, anapokea kwa mkono mmoja. Akipeleka habari, anasema, "Hiyo nayo ungeiacha, ningeisikia redioni."

Haya sikuyaona kwa macho. Nilisimuliwa na mwanakwaya mmoja aliyekuwa anatoka kijiji kile, na alipofika kwenye jambo la mwisho nikaweka mkasi chini. Deusi alikuwa amepata mchumba, msichana Mjita. Wazee wa pande zote walikuwa wamekubaliana siku ya kukaa kuzungumza mahari. Mama yake akagoma. Alisema, "Nendeni nyie. Mimi siku mwanangu akioa nitatangaziwa." Bila mama, upande wa msichana waliona wanadharauliwa, wakaanza kurudi nyuma.

"Deusi anasemaje?" nikauliza.

"Anasema mama yake ana haki ya kukasirika. Mimi hapo ndipo simwelewi."

Mimi nilimwelewa. Jumamosi ile, badala ya kwenda ziwani na nguo, nilikwenda bandarini nikapanda meli ya Nansio.

Nilimkuta yule mama ufukweni, anageuza dagaa waliotandazwa juu ya nyavu kuukuu. Aliponiona akafurahi, akaita wenzake, "Njooni mumwone yule kijana wa redio." Wakaja, wakanisalimu, wengine wakanisifia sauti kana kwamba mimi ndiye mtangazaji. Nikasema ninaomba kuongea naye. Akasema sema, hawa ni wa nyumbani. Nikaona basi, kama sifa nilipewa mbele ya watu, na hili liende mbele ya watu.

Nikasema nikiwa nimesimama. Nikamwambia kwamba Deusi alipanga kuja Jumamosi ile amwoneshe mkono kwa macho, kwamba aliniambia hivyo kwa mdomo wake, kwamba mimi nilijaza mstari uliobaki kwenye kadi. Kwamba alipopanda meli siku ile alikuwa hajatolewa hata nyuzi. Kwamba yeye mama aliponishukuru kibandani nilijua yote haya, nikanyamaza.

Alikuwa ameacha kugeuza dagaa. Akasema, "Sema tena."

Nikasema tena, yote. Safari ya pili ilikuwa ngumu zaidi maana wale wenzake walishaanza kutazama chini.

"Firigisi ulikula," akasema.

"Nilikula mama."

"Ilikuwa tamu?"

Nilifikiri. "Ilikuwa tamu, mama."

Mama mmoja alicheka kwa pua, akajizuia. Mama Deusi hakucheka. Akainama akaendelea kugeuza dagaa mpaka akamaliza safu nzima, nami nimesimama juani. Akasema, "Mwaka na zaidi nimemnunia mwanangu. Alikuwa anakaa pale mlangoni ananisikiliza ninamsema, hajibu. Nikadhani hajibu kwa sababu hana la kujibu." Akajinyoosha mgongo. "Kesho tunavuka. Ya kwangu nitayamaliza na mwanangu mwenyewe. Ya kwako usifikiri umeyamalizia hapa kwenye mchanga."

Nililala kwa shemeji yake, yule mwenye redio. Hakuiwasha. Kesho yake kwenye meli mama alikaa na wanawake, mimi nikakaa peke yangu karibu na mizigo, na kikapu miguuni. Nilikuwa nimenunua kuku jike kwa jirani yao, mkubwa kuliko yule. Sikujua nitasema nini nikimpa Deusi, nilijua tu kwamba mikono haiwezi kwenda mitupu.

Tulimkuta Igogo, ametoka kanisani, anafundisha sauti vijana wawili barazani. Gitaa alikuwa amempa mtu mwingine, yeye amekuwa mwalimu wa kwaya. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni. Watu wote walikuwa wameshazoea kumwona hivyo, wakadhani ndiyo mtindo wake. Alipomwona mama yake akasimama, aliponiona mimi nyuma yake akatazama kikapu, kisha akanitazama usoni, na nadhani alielewa papo hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Mama akakaa kwenye ngazi, akatandaza khanga mapajani kama anayetaka kupokea mtoto. Akasema, "Nioneshe mkono."

"Si uliuona mama."

"Sijauona. Niliona wa mtu mwingine. Nioneshe wako."

Wale vijana wawili waliondoka wenyewe, hakuna aliyewaambia. Deusi akachuchumaa. Akautoa ule mkono, akauweka kwenye khanga. Mama hakuushika kama alivyoushika wangu. Aliinama karibu sana, akautazama mahali vidole vilipokuwa, akapuliza pale, kama tunavyowapulizia watoto wakianguka. Na Deusi, mwanaume mzima anayetaka kuoa, akaweka kichwa begani kwa mama yake. Mimi nikaenda kusimama nyuma ya nyumba na kuku wangu. Kile hakikuwa cha kuangaliwa na mimi. Huko nyuma niliwasikia wanaongea kwa muda mrefu Kikerewe. Sikukielewa, nami nilishukuru kwamba sikielewi.

Baadaye Deusi akaja. Nikamnyooshea kikapu. "Huyu ni wako," nikasema. "Yule nilimla."

Akamtoa kuku, akampima uzito kwa mkono wenye vidole vitatu. "Huyu simchinji," akasema. "Nikimchinja utadhani tumemaliza."

Akamfunga mguu kwenye kigogo cha uani. Yule kuku aliishi miaka, akataga, akalalia vifaranga, na kila nilipokwenda pale nilimkuta ananiangalia kwa jicho la upande.

Mama alikaa kwenye mahari, na harusi ilifanyika. Deusi sasa anaishi Ilemela, ndiye yule baba mdogo wako anayekuja Krismasi na mkungu wa ndizi. Unamfahamu. Ulishawahi kuuliza kwa nini mimi nikianza kumsimulia jambo huniuliza kwanza, "Hili ni la hapa au ni la redioni?" na nyote mnacheka. Mimi nami hucheka. Sasa unajua kwamba sicheki sana. Amenisamehe, naamini hivyo, lakini hajanifuta deni la kuulizwa, na sioni kwamba ananionea.

Basi ninachotaka kukuambia ni hiki, mwanangu, nacho ni kidogo kuliko maelezo yangu. Sato wako aliyeungua ni wako, mweke. Nywele zako, viatu vyako, wikiendi yako, viweke, nami nitatazama. Lakini habari ya mtu mwingine ikifika mikononi mwako, ya ugonjwa, ya mimba, ya kufeli, ya kupata kazi, hata ya furaha, simamisha kidole kwanza. Fikiria kuna mtu gani mahali fulani anayestahili kuipata kwa mwenye habari, wakiwa wamekaa pamoja. Ukimfikia wewe kwanza, umechukua kitu ambacho hutaweza kukirudisha, hata ukivuka ziwa mara ngapi. Yule mama alikuja kuuona mkono wa mwanawe, lakini alikuwa ameshauona wangu.

Na ukishukuriwa kwa jambo usilostahili, likatae hapo hapo ukiwa bado mlangoni. Usingoje chakula kiive. Ukishakula, kusema inakuwa kazi ya mwaka mzima. Mimi nilikula, nakuambia.

Na mstari ukibaki mtupu, uache mtupu. Hakuna atakayekudai.

Leo ni Jumapili, mvua imenyesha kidogo asubuhi ikaacha. Nimeandika kurasa nyingi kuliko kawaida, na sijui kama nimewatendea haki wote niliowataja, hasa mama yule, ambaye sasa ametangulia. Haya ya Deusi nilimsomea kwanza jioni hii, neno kwa neno, kabla sijakupa. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Huyo mpe. Huyo ni wa hapa."

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe watu watakaokuja kukaa mbele yako na kukuambia mambo yao kwa mdomo wao, na akupe subira ya kuwangoja wafike. Mikono yako ibaki salama, na siku ukiumia, mimi nisikie kutoka kwako.